Mali inayokula na mali inayokaa

Mwezi uliopita mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo anayeishi Ifakara, alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne ambao kiini chake kilikuwa sentensi moja tu: kazi imekwisha, ana shilingi milioni moja na nusu mkononi, na anaomba dada yake amwambie ni biashara gani inayolipa kwa sasa. Niliusikiliza mara mbili. Swali hilo nalifahamu vizuri, kwa sababu ndilo nililomwuliza kila niliyekutana naye mwaka 2019, na jibu nililopewa wakati ule lilinigharimu zaidi ya nusu milioni. Nimeona nimjibu kwa maandishi ili asome polepole, na kama kuna mwingine mwenye swali hilohilo naye asome.

Mwaka 2019, hapa Kihonda, Morogoro, jibu la kila mtu lilikuwa kuku wa nyama. Kila uwanja uliokuwa na nafasi ya banda ulikuwa na banda, na kila mwenye banda alikuwa na maneno yaleyale, kwamba ni wiki tano tu unatoa mzigo. Ukurasa wa kwanza wa daftari langu la wakati huo ninao mpaka leo, na hesabu yake haina kosa. Vifaranga 200 kwa shilingi 1,600 kila mmoja, jumla 320,000. Mifuko 13 ya chakula, ya kilo 50 kila mmoja, kwa shilingi 58,000, jumla 754,000. Chanjo ya mdondo siku ya saba, chanjo ya gumboro siku ya kumi na nne, vitamini, mkaa wa kuwapasha joto na maranda ya kutandika chini, vyote kwa pamoja shilingi 90,000. Gharama nzima ilikuwa shilingi 1,164,000, na kama ningeuza kuku 195 kwa shilingi 6,500 ningepata 1,267,500, yaani faida ya laki moja na ushee kwa wiki tano, ambayo nilikwisha kuizidisha mara nane kwa mwaka kabla hata ya kununua mfuko wa kwanza.

Daftari lile halikuwa na mstari wa siku ya 36.

Katika wiki ya pili mvua ilinyesha usiku kucha, mkaa ukazimika nikiwa nimelala, na vifaranga wakarundikana kwenye kona moja kutafuta joto. Asubuhi niliokota 17 waliokufa kwa kulaliana. Wengine sita walifuata baadaye kwa kuhara damu. Hasara hiyo niliimeza, maana kila mfugaji alikuwa amenionya. Kilichonimaliza ni mnunuzi mmoja aliyekuwa ameahidi kuchukua kuku 120, ambaye wiki ya tano ilipotimia aliacha kupokea simu. Nikabaki na kuku 177 walio tayari, na kuku aliye tayari hakai kukusubiri akiwa amefunga mdomo. Wa umri ule hula karibu gramu 160 kwa siku, hivyo wote kwa pamoja walikuwa wakila kilo 28, zaidi ya nusu mfuko, na kila jua lilipozama nilikuwa nimetoa zaidi ya shilingi 32,000 kwa ajili ya bidhaa ambayo niliihesabu kuwa imekamilika. Siku 11 za kuzunguka nikitafuta wateja ziliondoka na mifuko mingine 6. Ni kweli kwamba waliendelea kunenepa, lakini mtaani kwetu kuku huuzwa kwa kichwa, si kwa kilo, na mteja akishaona umechoka anapanga bei yeye. Niliwauza kwa shilingi 5,500. Nilipata 973,500 kwa mzigo uliokuwa umekula 1,512,000.

Sisemi kwamba kuku wa nyama ni biashara mbaya. Jirani yangu wa nyumba ya tatu anaifanya hadi leo na imemsomeshea watoto, ila yeye alianza na wenye mabanda ya chipsi, akakubaliana na wanne kati yao wamchukulie kuku kila Ijumaa, kisha ndipo akaenda kununua vifaranga, tena 100 kila baada ya wiki mbili, ili asipate kamwe siku ambayo banda zima limekomaa kwa pamoja. Mimi nilianza na kuku nikatafuta walaji, yeye alianza na walaji akatafuta kuku. Kwa macho ya mpita njia, tulikuwa na biashara moja.

Tangu hapo nimeacha kugawa biashara kwa majina yake, nikaanza kuzigawa kwa tabia ya mali yenyewe pale inapokosa mnunuzi. Ipo mali inayokula, kama kuku, ambayo kila siku unayokaa nayo inakutoza. Ipo mali inayooza, kama nyanya. Ipo inayopitwa, kama makava ya simu na nguo za mtindo, ambayo haiharibiki lakini siku moja unagundua kwamba simu yenyewe haipo tena mtaani. Na ipo mali inayokaa, ambayo ukiifunika isipate vumbi itakusubiri. Hakuna iliyo bora kuliko nyingine kwa watu wote, isipokuwa kila moja inadai mtu wa aina yake na fedha ya aina yake.

Chukua genge. Mama mwenye genge hapa kwetu anakuwa sokoni saa kumi alfajiri, kwa sababu anayefika saa moja asubuhi anakuta tenga zuri limeshaondoka na yaliyobaki yamepondeka upande wa chini. Mali yake ina siku tatu, labda nne, lakini fedha yake inarudi jioni ileile, na mtaji wa shilingi 80,000 unaorudi kila siku unafanya kazi ambayo mtaji wa laki tano uliolala hauwezi. Nimekaa naye jioni nyingi nikimwangalia anavyopanga mafungu: ya asubuhi yana nyanya tano, ikifika saa kumi na moja jioni yana saba, na zile zilizoanza kulainika anazitenga kwa ajili ya mama lishe anayepita saa kumi na mbili. Hajawahi kuandika chochote, na hakuna hesabu ya biashara niliyoiona ikifanywa kwa usahihi kuliko ile. Mimi nisingeweza, kwa sababu ndogo tu kwamba wakati ule nilikuwa nimeajiriwa na nilitakiwa kuwa ofisini saa moja na nusu. Genge la mtu mwenye ajira ni genge la mfanyakazi wake.

Bodaboda niliifikiria kwa siku mbili hivi. Unamkabidhi kijana pikipiki, anakuletea hesabu kila jioni, na kwenye karatasi inapendeza. Nikajiuliza nani ataitazama injini, nikaacha.

Uwakala wa fedha za simu niliufikiria kwa muda mrefu zaidi. Uzuri wake ni kwamba haukai na mali yoyote ya kuoza. Unakaa na fedha taslimu na floti, yaani salio la fedha kwenye simu ya uwakala, na unalipwa kamisheni kwa kila muamala. Ubaya wake ni kwamba ukiwa na floti ndogo unamrudisha mteja mwenye muamala mkubwa, naye ndiye mwenye kamisheni nzuri, na mteja aliyerudishwa mara mbili harudi mara ya tatu. Nilipokuwa bado napima, ikaja Julai 2021 na tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, na wakala wa kona yetu, ambaye alikuwa hana nafasi ya kula mchana, nikaanza kumkuta akisoma gazeti. Septemba mwaka huohuo tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30 na baadaye ikaendelea kupungua, lakini nilikuwa nimeshajifunza jambo ambalo sikuwa nimelitafuta: biashara ambayo bei yake yote inapangwa na watu usiowaona ina wamiliki wengine ambao hawajaandikwa kwenye leseni yako.

Sasa nifike kwenye zipu.

Marehemu mama yangu alikuwa fundi cherehani, na utoto wangu wote nimeupitisha chini ya meza yake nikiokota vifungo. Mwishoni mwa mwaka 2021 nilikwenda kwa fundi mmoja kushonewa sare ya harusi, nikakuta gauni limekamilika lakini halina zipu, na fundi amemtuma mwanafunzi wake mjini kuinunua. Nilimsubiri yule binti kwa saa moja na nusu. Aliporudi, nauli yake ya kwenda na kurudi ilikuwa shilingi 800, na zipu aliyoifuata ilikuwa ya shilingi 500. Nilimwuliza fundi kama hilo hutokea mara nyingi. Akacheka, akanionyesha koti lililokuwa likimsubiri mtu wa kufuata bitana.

Jumamosi tatu zilizofuata nilitembea mitaa ya jirani nikiwa na daftari. Nilihesabu mafundi 31 ambao wangeweza kufika kwangu kwa miguu ndani ya dakika kumi na tano, wengine kwenye fremu, wengine kwenye vibaraza vya nyumba zao. Kwa wanne nilikaa, kila mmoja asubuhi nzima, nikaandika kila kilichoisha mezani: uzi mweusi, sindano namba 14, zipu ya inchi 22, lastiki, sindano tena. Hakuna hata mmoja aliyeuliza bei kabla ya kusema anahitaji nini, kwa sababu mteja wake alikuwa amesimama mlangoni, na hapo ndipo nilipojua kwamba nimepata biashara yangu. Faida ya zipu moja ni ndogo kiasi cha kuchekesha, ila anayeihitaji anaihitaji sasa hivi, na nisipoiuza leo, kesho itakuwa zipu ileile.

Mtaji niliokuwa nao ulikuwa shilingi 850,000. Hapa ndipo watu wengi wanaposahau kwamba sehemu ya kufanyia biashara inaweza kuumeza mtaji kabla bidhaa haijafika. Dalali alinionyesha fremu nzuri ya barabarani: mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, dalali alitaka kodi ya mwezi mmoja, na mpangaji aliyekuwa akiondoka alitaka kilemba, yaani malipo ya kukuachia nafasi. Nilipojumlisha vyote nikabaki na fedha ya kununua dazani chache za vifungo na kiti cha kukalia. Nikamwendea fundi yuleyule wa gauni, nikamwomba kona ya kibaraza chake kwa shilingi 15,000 kwa mwezi, nikaweka kabati la vioo la mtumba, na yeye akawa muuzaji wangu saa za mchana mimi nikiwa kazini. Nilimlipa kwa kumpa vifaa vyake kwa bei niliyonunulia. Tulikaa hivyo miezi 14 kabla sijachukua fremu.

Nisijifanye kwamba sikukosea. Mzigo wa kwanza wa nyuzi niliununua Kariakoo kwa tamaa ya macho, nyuzi kumi za kila rangi, rangi 24, nikazipanga kwenye kabati zikapendeza kama upinde wa mvua. Nyeusi, nyeupe na ile bluu iliyokoza ya sare za shule ziliisha kabla ya wiki ya pili kwisha, kwa kuwa ilikuwa Januari na kila fundi alikuwa akishona kaptula na sketi za shule ya msingi. Zambarau ipo mpaka leo, na mwanangu ameanza kuifanyia mishono ya kujifunzia. Mali inayokaa ina hatari yake yenyewe, nayo ni kwamba inakaa kwa upole, haikupigii kelele kama kuku, na unaweza kuwa na kabati lililojaa na mfuko mtupu kwa miezi mingi bila kushtuka. Siku hizi nikirudi na mzigo, nusu ya fedha imekwenda kwenye rangi tatu tu, na nyingine naleta moja moja, kwa kuagizwa.

Mikopo kwa wateja ni sura yake peke yake, lakini nitaigusa. Fundi hulipwa mteja anapochukua nguo, na wateja wa mafundi mnawajua. Kwa hiyo fundi atakuja na maneno matamu, ataniita shangazi, atasema gauni linachukuliwa jioni. Ningekataa mikopo yote ningekosa nusu ya mafundi 31, na ningekubali yote ningekuwa nafadhili harusi za watu nisiowajua. Utaratibu wangu ni deni moja kwa fundi mmoja, na la pili haliandikwi kabla la kwanza halijafutwa, na daftari liko mezani wazi ili kila mmoja aone mstari wake. Kabla ya kuanza kuandika, fedha ilikuwa ikipungua nisijue inakokwenda, na jirani mmoja alinishauri kwa dhati kabisa kwamba kuna mtu ananifanyia chuma ulete, ule uchawi wa kuvuta fedha za mtu. Nilipoanza kuandika, nilimkamata: ni mimi mwenyewe, nikichukua shilingi elfu mbili ya mboga kila jioni.

Kwa upande wa mimi kukopa, nataka mdogo wangu alisikie hili kwa makini zaidi kuliko yote. Mkopo una mwendo wake na biashara ina mwendo wake, na mtu anayeviunganisha bila kuvipima anajitia kitanzi. Hii mikopo ya mtaani inayoitwa kausha damu hurejeshwa kila siku au kila wiki. Ukiichukua kwa ajili ya mali inayoiva baada ya miezi, utaanza kuirejesha kwa fedha ileile uliyokopa. Ile ya halmashauri, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu, haina riba, na ni jambo jema kwa vikundi vinavyoipata. Ila inakuja kwa kalenda ya serikali. Ilisimamishwa Aprili 2023 na kurejea mwaka 2024, na kikundi cha shoga yangu, ambacho kilikuwa kimechagua mradi kwa sababu tu mkopo ulitarajiwa, kilikaa muda wote huo kikifanya vikao vya kusubiri. Biashara yao ilikuwa kusubiri.

Kuhusu karatasi sina mengi. Namba ya mlipakodi haitozwi fedha, leseni inatolewa halmashauri, na kwa viwango nilivyovikuta, mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato. Watu huisikia milioni 4 kama fedha nyingi. Ukiigawa kwa siku 365 ni mauzo ya chini kidogo ya shilingi 11,000 kwa siku, ambayo kabati langu lilikuwa limeyavuka kabla ya mwaka kwisha. Mwenye daftari hashtuki siku ya kukadiriwa.

Jambo moja limebadilika tangu nilipoanza, na sijui bado kama nilifurahie. Juni 2024 treni ya mwendokasi ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na stesheni yetu iko hapahapa Kihonda. Zamani safari ya Kariakoo ilikuwa siku nzima ya basi na foleni, kwa hiyo nilikwenda mara moja kwa mwezi na mzigo mkubwa. Sasa kwa nauli ya shilingi 13,000 nafika asubuhi, nanunua, na jioni niko nyumbani, hivyo nakwenda kila baada ya wiki mbili nikiwa na nusu ya fedha ile, na nusu iliyobaki inafanya kazi nyingine. Lakini treni hiyo haikujengwa kwa ajili yangu peke yangu. Mafundi wawili wakubwa wameshaanza kujifuatia wenyewe vitambaa na zipu kwa dazani, na simlaumu yeyote kati yao. Hao 31 sasa ni 29 kwa vitu vya jumla, ingawa sindano ikivunjika saa kumi jioni wote bado wanamtuma mtoto kwa mama zipu, jina ambalo sikulichagua.

Nilimtumia mdogo wangu haya yote kwa ufupi, nikamwambia asiniulize tena biashara gani inalipa. Aniandikie tu mali yake ikikosa mnunuzi kwa wiki mbili itakuwa imefanya nini, fedha yake itarudi baada ya siku ngapi, na yeye mwenyewe ana saa ngapi kwa siku za kuihudumia. Nilimwomba pia asiniambie kitu chochote ambacho hajakihesabu kwa miguu yake.

Juzi alinitumia picha ya ukurasa wa daftari. Amechagua mchele, jambo lisiloshangaza kwa mtu anayeishi katikati ya bonde la Kilombero, na amekwenda mbali kuliko nilivyotarajia: ametembelea mashine tatu za kukoboa, ameandika gunia la mpunga limetoa kilo ngapi katika kila moja, na ameorodhesha mama lishe tisa wa hapa Morogoro, kwa kila mmoja kilo anazopika kwa siku na bei anayonunulia sasa. Katika hao tisa, sita wanataka kupelekewa kila Jumatatu. Chini yake kuna safu ya gharama, nayo imejazwa yote kwa kalamu ya bluu isipokuwa mstari mmoja wa usafiri, ambao ameweka nukta tatu.

Nimemrudishia picha ileile, nikiwa nimezizungushia zile nukta duara.